Kukata kuta na mabomba kwenye Revit: uzoefu wangu

Revit, programu ya kuchora majengo kwa kompyuta, ina amri ya kukata kitu kilichochorwa vipande viwili. Kwa upande wa kuta, sina neno juu yake. Unabonyeza S na L, unagusa ukuta pale unapotaka, tayari una kuta mbili. Wengi wamezoea kukata kwa wima tu, ilhali ukiwa kwenye mwonekano wa mbele au wa 3D na ukaelekeza kishale kwenye ukingo wa wima wa ukuta, unakata kwa mlalo. Hapo ndipo ninapoitumia zaidi. Mteja akitaka tofali za kuchoma zionekane mpaka usawa wa madirisha, juu plasta na rangi, nakata mlalo, nabadilisha aina ya ukuta wa chini, basi.

Kuna na ile ya kuacha mwanya, "Split with Gap", kuanzia milimita 1.6 hadi 304.8. Kwa uzio mrefu wenye viungo vya kutanuka ni nzuri mno, maana vipande havirudi kuungana. Ila ni ya kuta peke yake, usiihangaikie kwenye mabomba.

Sasa mabomba. Bomba la PPR (la plastiki, la maji) dukani kwetu lina mita 4, lakini Revit haijui habari za duka: inakuchorea bomba moja la mita 22, limenyooka kama rula. Ukilipeleka hivyo kwa mkadiriaji, jedwali litaonyesha mita 22 na soketi (viungio vya kuunganisha mabomba) sifuri. Fundi anahitaji mabomba 6 na soketi 5, na hizo soketi 5 lazima mtu azilipie.

Dawa yake iko kwenye "Routing Preferences", yaani mipangilio ya viungio vya aina ya bomba: pale kwenye yunioni (kiungio cha mabomba mawili yaliyonyooka) weka soketi unayotumia kweli. Ukishafanya hivyo, kila unapokata kwa SL soketi inajiweka yenyewe, na jedwali la viungio linaihesabu. Usikate mapema lakini. Subiri mhandisi aridhie njia na vipenyo, kwa sababu bomba lililokatwa vipande sita ni vitu sita vya kushughulikia kila linapotakiwa kuhama.

Kwa nyumba ya kawaida nakata kwa mkono nikiwa nakunywa chai. Kwa hoteli ya ghorofa kadhaa sithubutu. Kazi hiyo naiachia Dynamo, zana ya kuiamuru Revit ifanye kazi yenyewe, inakata kila mita 4 bila kuchoka.