Fundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili: nyota nne

Nilipeleka laptopu nikijua nitaambiwa ninunue RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Kila nikichora grafu ya mauzo ya duka langu la vipuri, lahajedwali, lile jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, linaganda mpaka chai inapoa. Kijana akacheka: "Mama, umechagua safu nzima, mistari 1,048,576, na mauzo yako hayafiki 3,000!" Akaibana grafu kwenye mistari yenye data tu, akafuta rangi nilizopaka hadi chini kabisa, akaondoa fomula ya TODAY, ya kuonyesha tarehe ya leo, niliyoirudia kila mstari, maana ile hujikokotoa upya kila ukigusa kitu. Sasa grafu inatokea papo hapo. Kanitoza elfu kumi. Nyota moja nimeikata kwa foleni: saa mbili nimesimama, kiti hakuna.