Soko la Vitu vya Zamani Chini ya Paa Moja: Siku Moja Haikututosha

Tulikuwa watu watatu tulipoingia asubuhi katika soko lile la vitu vya zamani, ambalo lote limo ndani ya jengo moja kubwa lenye paa la juu sana, na tulipotoka walinzi walikuwa wameanza kufunga milango ya nyuma. Hata hivyo hatukuzifikia safu tatu za mwisho. Ninalitaja hili mapema kwa sababu mtu anayepita huko kwa haraka ataona marundo tu, ilhali uzuri wa soko hilo umo chini ya marundo hayo.

Paa lina manufaa yake. Mvua haikatishi biashara, vitabu na santuri haviharibiwi na jua, na wauzaji hawana sababu ya kufungasha mapema. Lakini paa hilohilo ndilo linaloleta kasoro kubwa kuliko zote, nayo ni mwanga hafifu: taa ni za manjano na ziko mbali, hivyo kitambaa chenye doa huonekana safi, na mbao iliyopakwa rangi juu ya ufa huonekana nzima. Tulilazimika kuwasha tochi za simu karibu katika kila meza. Wasimamizi wangefanya jambo la maana kama wangeweka taa nyeupe, angalau penye nguo na samani.

Lililoipa siku hiyo thamani ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa na jicho lake. Mwenzetu mmoja ni seremala, naye alivutiwa na kabati dogo la saraka nne ambalo muuzaji wake, mzee mmoja mpole, alilisifu kwa moyo wote. Akachomoa saraka ya chini kabisa na kuigeuza. Pembe zilikuwa zimeungwa kwa meno ya mbao yanayoumana, ambayo upana wake haukulingana sawasawa, dalili kwamba yalikatwa kwa mkono wa fundi wala si kwa mashine. Kisha akapapasa miguu ya kabati, akakuta vitundu vidogo, na alipoigonga kidogo, unga laini wenye rangi ya mbao mbichi ukadondoka. Vitundu vikavu vyaweza kuwa vya miaka mingi iliyopita, lakini unga mpya huashiria kwamba wadudu huenda bado wamo ndani wanakula. Aliliacha kwa masikitiko, akamweleza mzee yule sababu, naye akashukuru na papo hapo akalisogeza mbali na samani nyingine. Uungwana wa namna hiyo tuliukuta kwa wauzaji wengi.

Sehemu ya santuri ndiyo iliyopangwa vizuri zaidi. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo nyingi zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu na huvunjika kama sahani, zimesimamishwa wima peke yake, kando ya zile za mizunguko 33 zilizoanza kuenea mwaka 1948. Rafiki yetu mpenzi wa muziki alizitazama moja moja kwa kuziinamisha ili mwanga uangukie ubavuni, kwani mikwaruzo isiyoonekana kwa mwanga wa juu hujitokeza hapo. Alitumia saa mbili, na hatukumharakisha.

Mimi nilikwenda kwenye vyombo vya jikoni nikiwa na sumaku ndogo mfukoni. Bilauri moja iliyoitwa ya shaba iliinasa sumaku, na shaba hainaswi na sumaku. Kilikuwa chuma kilichopakwa rangi. Nilinunua kikaango cha chuma cha kusubu kilichojaa kutu, kwa kuwa kutu ya juu husuguliwa ikatoka, ilhali ufa hauna dawa. Nilikining'iniza kidoleni na kukigonga, kikalia kwa mlio mrefu kama kengele. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliofifia.

Vyoo ni safi. Viti vya kupumzikia ni vichache mno kwa jengo la ukubwa huo, na wazee wangeteseka.

Tumekubaliana kurudi na kuanzia safu zile tatu za nyuma. Nitabeba tochi yenye mwanga mweupe na futi ya kupimia, kwa sababu seremala wetu bado hana kabati.