Mungu Aliyeungama Mauaji Ndani ya Kitabu Chake: Kwa Dini, Morrowind Bado Baba Lao

Angalia hapa. Angalia upanga. Umepita katikati ya huyo kaa, si mmeona wenyewe? Sasa gemu inasema nimemkosa. Tena. Tena! Kaa jamani, mnyama wa hadhi ya chini kabisa! Basi, hasira zangu zimeisha, maana tukianza kulalamikia mapigano ya Morrowind, hii gemu ya fantasia, tutakesha, na watu wanalalamika tangu 2002. Kete zinarushwa kimyakimya kuamua kama umepiga, silaha hujaizoea unakosa, imeisha hiyo.

Karibuni wadau. Mgeni, bonyeza kengele. Wale mlioniuliza kwenye komenti kama laptop ya mtumba itaibeba: itaibeba. Na kuna OpenMW, injini ya bure iliyotengenezwa na mashabiki, ila lazima uwe na faili za gemu halisi. Nunua toleo la Game of the Year, ndani yake mna nyongeza zote mbili, Tribunal na Bloodmoon. Subiri ofa, usiwe na papara, ofa zake haziadimiki. Grafiki na ukubwa wa ramani sizungumzii, mnavijua.

Leo ni dini tu. Kwa sababu kila gemu ya fantasia siku hizi ina miungu kumi na mbili, kila mmoja na rangi yake na alama yake, na hakuna hata mmoja anayekunyima usingizi.

Huku tupo kisiwa cha Vvardenfell, kwa Wadunmer, watu wa ngozi ya majivu na macho mekundu. Dini yao ni Hekalu la Tribunal, na miungu wake ni watatu: Almalexia, Sotha Sil na Vivec. Hawapo mbinguni, wapo hapahapa duniani. Huyu Vivec ana mji wenye jina lake na ana jumba lake, na kisa kikifika mahali pake unaingia unamkuta anaelea hewani amekunja miguu, nusu ya mwili dhahabu, nusu rangi ya majivu. Unamsalimia, anakujibu. Ukitaka kumpiga, mpige, ni juu yako.

Na juu ya mji kuna mwamba. Ngoja nigeuze kamera... huo. Unaitwa Baar Dau. Hekalu linafundisha kwamba Sheogorath, bwana wa wendawazimu, aliutupa kutoka angani uuponde mji, Vivec akausimamisha, ukabaki hapohapo ulipo. Watu wanaamka asubuhi, wanafungua biashara, mwamba uko utosini. Halafu makasisi wakautoboa ndani wakaufanya gereza la wanaopinga dini, wakaliita Wizara ya Ukweli. Wizara ya Ukweli! Ndani ya jiwe linaloshikiliwa na mungu huyohuyo unayembishia. Sisemi kitu mimi, tuendelee.

Sasa hiki ndicho kilichonifanya niwashe kamera. Ukijiunga na Hekalu hawakupi fomu, wanakupeleka hija. Hija ya Neema Saba. Kila kaburi au madhabahu ina kisa chake na sadaka yake. Kwenye mashamba ya Kummu, kwa mfano, inasimuliwa kwamba mkulima maskini alifiwa na guar wake, yule mnyama wa kazi, wakati wa mavuno. Vivec akavua mavazi yake ya fahari akaingia shambani kufanya kazi ya mnyama mpaka mavuno yakaisha. Kwa hiyo sadaka yako pale ni muck, ule utope wa mmea aliokuwa anauvuna yule mkulima. Hutoi dhahabu, unatoa tope. Aliyeandika hii anajua ibada ni nini.

Lakini twende kituo kingine cha hija, Mfereji wa Fumbo, chini ya jumba la Vivec. Tazameni vizuri, sikati video. Naogelea... kona... kona tena... hapa nilipotea kidogo, msiniseme... haya, tumefika chumba cha mwisho. Hakuna mlango. Hakuna swichi. Kuna maandishi tu, na maana yake ni kwamba uvute maji ya utukufu wake ndipo njia itakapokuwa wazi.

Mchezaji mzoefu anafanyaje? Anatoa dawa ya kupumulia majini, si ndiyo? Haisaidii. Unatakiwa uzame. Uzame kwelikweli. Nashuka. Pumzi inakwisha, mstari ule pale unapungua. Umeisha. Sasa damu inashuka, mnaona nyekundu? Kila silika yangu inaniambia panda juu. Miaka yote gemu zimenifundisha ukiona hivyo toka haraka. Sitoki. Inashuka... inashuka... jamani... HAPO! Njia hiyo! Mmeona?

Madhabahu hii ni ya ujasiri. Hakuna kasisi aliyenihutubia, hakuna video ya dakika tano. Mwili wangu mimi niliyekaa kwenye kiti umeogopa, na nimekaa majini kwa sababu ya maandishi ukutani. Sasa niambieni ni gemu gani nyingine imekufanya uamini kitu kwa vidole vyako.

Skyrim? Naipenda Skyrim, ya 2011, saa nilizopoteza humo nisiulizwe. Ile habari ya Talos, binadamu aliyepanda kuwa mungu, halafu mkataba wa amani ukapiga marufuku kumwabudu, ni siasa safi kabisa. Ila ibada yenyewe? Unagusa madhabahu, unang'aa, ugonjwa umepona, kwaheri. Dragon Age: Origins ya 2009 imejitahidi zaidi, ina Muumba aliyewapa watu kisogo na nabii wa kike Andraste aliyechomwa moto, na Kanisa lililojengwa juu ya hayo. Nzuri sana. Lakini humo unasikiliza. Huku unazama.

Sasa utamu. Hekalu linasema shujaa wao Nerevar alikufa kwa majeraha baada ya vita vya Mlima Mwekundu. Nenda nyikani kwa Waashlander, wale wafugaji wanaohamahama wasiolitambua Hekalu. Wao wanasema aliuawa na hao hao watatu, marafiki zake, ambao baadaye walijifanya miungu kwa nguvu za Moyo wa Lorkhan, moyo wa mungu aliyekufa. Na mungu wa kike Azura akawalaani, ndiyo maana taifa zima lina ngozi ya majivu. Nani mkweli? Gemu haikuambii. Inakupa vitabu vinavyogombana, na ndani ya Hekalu lenyewe kuna makasisi waasi wanaofichwa.

Halafu Vivec ana maandiko yake, mahubiri 36, yametawanyika kisiwa kizima. Ukisoma unadhani mwandishi ana homa. Hubiri la 29 ni orodha ya namba tu, nikaruka kama kila mtu. Kumbe ni ufunguo! Kila namba inakuonyesha neno kwenye hubiri lake. Yaunganishe, unapata ungamo: kwamba hakuzaliwa mungu, kwamba aliichagua njia hii kwa hiari yake, aliuiba uungu, akamuua Hortator. Hortator ndiye Nerevar. Na mwishoni anataja jina lake mwenyewe kuwa ndiye aliyeandika. Waumini wanabeba ungamo la mauaji mikononi na wanaliimba kama sifa. Hakuna misheni inayokutuma ulitafute, hakuna zawadi ukilipata.

Kasoro, kwa haraka. Dini ya Himaya, ya wale Miungu Tisa, imepooza. Wanakutuma kuchuma majani ya dawa na kukusanya michango. Nilikuwa nimeandika hapa kwenye notsi zangu "uvivu wa waandishi". Ila nikifikiria... ni dini ya wageni waliokuja na ngome na askari, ikiendeshwa kama tawi la ofisi. Labda inapaswa kuboa. Nafuta hiyo. Ila wale cliff racer, wanyama warukao wanaokushambulia njiani, siwasamehe, hata hija wanaifanya adhabu.

Ijumaa usiku nitakuwa laivu. Kuna kasisi kule Molag Mar anakupa nadhiri ya kimya: unatoka kusini-mashariki mpaka madhabahu ya Sanctus, kaskazini karibu na Dagon Fel, bila kuongea na mtu yeyote. Na usafiri wote wa kulipia, yule mdudu mkubwa silt strider au boti, lazima uongee na mwenye chombo. Kwa hiyo ni miguu na kuogelea. Ukimbonyeza mtu kwa bahati mbaya, unarudi Molag Mar. Chati itakuwa wazi, na mods, wasimamizi wa chati, nimewaambia atakayenidanganya nisalimie muuza duka anapigwa ban ya usiku mzima.