Nimewakabidhi wakala vyeti vya tabia njema vya walezi wangu: mikono mizuri, kalenda mbovu

Kituo changu kina walezi tisa, na vyeti vya sita kati yao vilikuwa vinaisha muda ndani ya mwezi mmoja. Kosa ni langu. Niliwaajiri kwa mkupuo tulipofungua, nikasahau kwamba vilivyoanza pamoja vitaisha pamoja. Safari hii sikutaka kuhangaika na foleni, nikawalipa wakala ambao kazi yao ni kujaza fomu, kuchukua alama za vidole na kufuatilia majibu ya rekodi za uhalifu hadi yatoke.

Nianze na binti wao wa alama za vidole, maana yeye peke yake ana nyota tano. Bibi, ndivyo tunavyomwita mlezi wetu mkongwe wa chumba cha wachanga, kutwa ananawa mikono na kubadilisha nepi. Sabuni na dawa ya kuua vijidudu vimemla vidole hadi mistari imefifia. Mashine ilimkataa mara tatu. Kwingine nimeshaona mtu wa namna hii akiambiwa "rudi wiki ijayo" na mlango ukafungwa. Yule binti alimfuta vidole, akasubiri vikauke, akamwambia, "Bibi, legeza mkono, niachie mimi nizungushe." Akakizungusha kila kidole kutoka ukingo huu wa kucha hadi ule, taratibu, bila kukandamiza, kwa sababu ukikandamiza mistari inashikana na picha inatoka doa tupu. Saba vikapita. Kwa vile vitatu vilivyogoma alimwagiza apake mafuta ya ngozi asubuhi na usiku wiki nzima, ila siku ya kurudi aje na mikono mikavu. Aliporudi, vyote kumi vikasomeka. Bibi alitoka pale anavionyesha vidole kama mtu aliyevishwa pete.

Sasa lawama. Ujumbe wao wa kukumbusha unakuja siku 30 kabla ya cheti kuisha. Hizo zinamtosha mtu ambaye vidole vyake vinasomeka na jina lake halina mwingine duniani. Kijana wetu wa darasa la miaka mitatu hana bahati hiyo. Utafutaji wa jina ulimletea kesi ya wizi ya mtu mwingine, jina lile lile na mwaka ule ule wa kuzaliwa. Mbaya zaidi, taarifa hiyo ilitumwa kwangu kabla mwenyewe hajaiona. Ilibidi mimi nimwite ofisini na kumweleza, naye akakaa kimya muda mrefu akiangalia ile karatasi.

Nikapiga simu kwa wakala. "Mama, mfumo ndivyo ulivyosema," akanijibu bwana wa upande wa pili. Barua ya kupinga niliandika mwenyewe, na kilichomsafisha ni alama zake kulinganishwa na za yule mwenye kesi. Zilikwenda wiki tatu, na katikati yake cheti cha zamani kikaisha. Nikamhamishia stoo na jikoni, asikae peke yake na mtoto hata dakika moja. Mimi nilijua si yeye, lakini ninachokijua mimi hakiwekwi kwenye faili. Watoto walikuwa wanamwita kupitia dirishani.

Kuna kitu kingine wanachokiuza, wanakiita ufuatiliaji endelevu. Nilikinunua nikidhani ni kama kile cha Uingereza, ambako cheti cha DBS, taasisi ya serikali inayochunguza rekodi za uhalifu, hakina tarehe ya kuisha, lakini mfanyakazi akijiunga na huduma ya kusasisha, mwajiri kwa ridhaa ya mfanyakazi huyo anaweza kuangalia mtandaoni kama kuna jambo jipya. Kwa mwajiri, hicho ndicho chenye maana. Cheti kinaeleza hali ilivyokuwa siku kilipotolewa. La kesho yake hakilijui. Marekani sheria ya 2014 inataka walezi katika vituo vyenye leseni au vinavyopokea ruzuku ya serikali kuu wachunguzwe upya angalau kila miaka 5, New Zealand kila miaka 3, na kati ya tarehe hizo mengi yanaweza kutokea. Nilipowabana wakala wangu waseme wanafuatilia nini hasa, kumbe ni kalenda. Wanafuatilia tarehe! Hiyo nilishakuwa nayo ukutani. Nimekifuta.

Na msitegemee wawapigie simu wadhamini, yaani waajiri wa zamani wa mlezi. Hawafanyi hivyo, wala hawakudai kwamba wanafanya, kwa hiyo siwalaumu. Niliwapigia mwenyewe. Mtu aliyeachishwa kazi kimya kimya kwa kumfinya mtoto, bila kushtakiwa, cheti chake kitatoka kisafi kuliko changu.

Nitaendelea nao kwa alama za vidole tu. Tarehe nimezirudisha kwenye daftari langu: tunaanza siku 90 kabla, na hatuendi zaidi ya wawili kwa mwezi. Watatu waliobaki zamu yao inakaribia. Chupa ya mafuta ya ngozi iko kando ya sinki la chumba cha wachanga, na Bibi ndiye anayewasimamia wapake.