SSD ya kuongeza kwenye PS5: pima bati kabla hujalipa

Meseji zenu kuhusu SSD, ile diski ya kuongeza nafasi ya gemu, zimekuwa za aina moja jamani. "Dada nimenunua SSD, imeingia vizuri ila kifuniko hakifungi." Mwingine PS5 inamlalamikia joto katikati ya gemu. Ukiomba picha unakuta ni stiki tupu haina hata bati la kupozea, au kavishwa bati nene la kompyuta ya mezani.

Spidi nazipita haraka, kila mtu anaziimba. Iwe M.2 NVMe ya PCIe Gen4 (M.2 ni umbo la hiyo stiki, NVMe na Gen4 ni aina na kizazi cha njia ya data), Sony wanashauri isome MB 5,500 kwa sekunde kwenda juu, basi. Kinachosahaulika ni unene. SSD pamoja na bati lake visizidi milimita 11.25, afu hapo ndani kuna mtego, juu ya kibao chenye chipu unaruhusiwa milimita 8 tu na chini 2.45, kwa hiyo boksi linaweza kuandika 10 ukashangilia kumbe unene wote umekaa juu. Upana usizidi 25. Na bati ni lazima, Sony wenyewe wamesema, sio urembo wa taa taa.

Namba moja kwangu ni WD Black SN850X ILE YENYE BATI, maana ipo na isiyo nalo na ndo hiyo wauzaji wanayokusukumia. Unene wake wote ni milimita 8.8, inasoma 7,300, inakaa utadhani ilizaliwa na mashine. Ndiyo naipendelea, wala sifichi.

Namba mbili Samsung 990 Pro yenye bati, hata nyembamba zaidi, 8.2. Ningeiweka juu ila kwa bei yake naona unalipia jina. Namba tatu Kingston Fury Renegade yenye bati, spidi anayo ila ni mnene, kapita kwa kubana tumbo.

Za bei chee? Kingston NV2 boksi linasema Gen4 ila inasoma 3,500, achana nayo. Hadidiski ya USB ni stoo tu, gemu za PS4 zinachezeka humo, za PS5 utazihifadhi na kuzirudisha ndani ukitaka kucheza.

Wenye Xbox Series X na S mnatucheka kwamba kadi yenu ya kuongeza nafasi unachomeka nyuma bila bisibisi na habari ya bati hamuijui. Sawa, lakini mmefungiwa kwenye kadi maalum, 2020 ya Seagate ya TB 1 ilitoka kwa dola 220, na miaka mingapi ilikuwa peke yake sokoni ikijipangia bei. Ajabu zaidi, PS3 ulikuwa unaweka hadidiski yoyote ya laptop ya inchi 2.5 maisha yanaendelea. PS5 ya kwanza wakatupa GB 825, zinazotumika kama 667, na nafasi ya kuongeza ikabaki imefungwa mpaka sasisho la Septemba 2021!

Sasa wauzaji. Unauliza kama ina bati unajibiwa "zote zinaingia PS5 boss". Bati anakuuzia pembeni, halijaandikwa unene, na ukishachana nailoni ya boksi hairudi. Juu ya hapo tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kuhifadhia data zimepanda kwa sababu vituo vya data vya AI vinazigombania, na duka nalo linapandisha hata mzigo uliolala kwenye kabati tangu kabla.

Kwa hiyo kubalianeni kabla ya hela kutoka: ifungwe palepale dukani, bisibisi ya nyota wanayo. PS5 ikiwaka itaomba kuiformati, ikimaliza inaonyesha spidi ya kusoma kwenye skrini. Piga picha hiyo namba, angalia kifuniko kimerudi na skrubu yake imekaza, ndo ulipe.