Wiki sita za mazoezi tiba ya goti: uzoefu wangu nikiwa na miaka 67 hapa Uyole

Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, ninaishi Uyole jijini Mbeya, na ninalima viazi mviringo ekari moja na nusu huko Isyonje, kwenye barabara iendayo Tukuyu. Ninaandika kuhusu mpango wa mazoezi tiba ya goti niliouhudhuria kwa wiki sita katika kituo kimoja binafsi cha fiziotherapia mjini. Kabla ya kuulipia nilitafuta kwa muda mrefu maelezo ya mtu wa umri wangu ambaye bado anapanda na kushuka milima kwa ajili ya chakula chake, nikakosa. Karibu yote niliyoyapata yaliwahusu wachezaji wa mpira wenye miaka 25.

Goti langu la kulia lilianza kuuma 2019, na lilianza kwa namna iliyonishangaza, kwa maana kupanda kutoka barabarani hadi shambani sikuona shida yoyote, bali wakati wa kushuka, hasa nikiwa na ndoo kichwani, nilihisi kama kisu kinapita nyuma ya pia ya goti. Asubuhi mguu ulikuwa mkavu kwa kama robo saa kisha unalainika. Baada ya miaka miwili sikuweza tena kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta, na kanisani nilibaki nimeketi wakati wenzangu wanapiga magoti. Jambo hilo la mwisho liliniumiza moyo kuliko maumivu yenyewe.

Majirani wote walisema ni baridi yabisi, kwa sababu Mbeya ina baridi na mimi nalima kwenye milima ya Uporoto ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Daktari aliyenipima alinieleza kwa subira kwamba baridi yabisi ni ugonjwa mwingine: kinga ya mwili hushambulia viungo, mara nyingi vile vidogo vya mikono yote miwili, na mtu huamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Ugonjwa huo una dawa zake, na ukicheleweshwa huharibu viungo. Langu lilikuwa suala la gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ambayo ilikuwa imelika upande wa ndani wa goti. Picha ya eksirei ilionyesha daraja la 3 kati ya 4, la 4 likiwa ndilo baya zaidi. Baridi haili gegedu, ingawa ni kweli kwamba siku za baridi misuli hukaza na maumivu husikika zaidi. Alisema pia jambo ambalo sikulisahau, kwamba picha na maumivu havilingani sikuzote. Wapo wenye picha mbaya kuliko yangu wanaotembea vizuri, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku.

Hata hivyo sikwenda kwenye mazoezi moja kwa moja, na ninaona ni haki nieleze fedha yangu ilikopotelea. Nilinunua vidonge vya glukosamini kwa miezi mitatu kutoka kwa muuzaji aliyekuja hadi nyumbani, vikanigharimu shilingi 270,000, na sikuona tofauti yoyote. Baadaye nilisoma kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006, ukiwahusisha wagonjwa 1,583 wenye tatizo kama langu, haukuonyesha kwamba, kwa jumla, waliomeza glukosamini walipata nafuu kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Nilinunua soksi ya goti ya shilingi 25,000. Hiyo ninaitumia hadi leo ninapotembea safari ndefu, kwa sababu hulitia goti joto na kunipa uhakika, lakini nikiivaa kutwa nzima mguu huvimba chini yake. Kosa langu kubwa lilikuwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Nilikuwa nikinunua vidonge hivyo dukani kama mtu anunuavyo chumvi, kwa zaidi ya mwaka mmoja, ilhali nina shinikizo la damu. Daktari alipogundua alisikitika waziwazi, akanieleza kwamba dawa za kundi hilo hupandisha shinikizo, huchubua tumbo na huweza kudhuru figo, hasa kwa wazee. Alinibadilishia diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, akaniandikia barua ya kwenda kwenye mazoezi tiba.

Mpango wenyewe ulikuwa wa vipindi 12, viwili kila wiki, na kila kipindi kilikuwa shilingi 15,000, yaani 180,000 kwa jumla, mbali na nauli ya daladala kutoka Uyole na bajaji ya kunifikisha mlangoni siku ambazo goti lilikuwa limechoka. Siku ya kwanza kijana aliyenipokea, baada ya kuniamkia, hakulishika goti hata kidogo. Aliniuliza ninafanya nini kuanzia alfajiri hadi jioni, akaandika kila kitu, kisha akaniambia, "Mwalimu, naomba uketi kwenye kiti hiki, ukunje mikono kifuani, usimame na kuketi mara nyingi uwezavyo kwa nusu dakika." Niliweza mara 7. Aliandika namba hiyo kubwa juu ya karatasi yangu na kusema kwamba hicho ndicho kipimo tutakachorudi kukitazama.

Nilitarajia kukandwa na kuwekewa mashine ya joto. Nilipata kazi. Tulisimama na kuketi, kwanza kwenye kiti kirefu, kisha kifupi zaidi kila wiki. Tulipanda na kushuka ngazi moja ya mbao, tukishuka polepole kwa mguu mzima kutangulia chini huku ule mgonjwa ukishikilia uzito. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kushuka kulinitesa: mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki yake, na breki ikiwa dhaifu mzigo wote hupigwa na kiungo. Tulilala chali na kuinua makalio, na tulitembea kando kando tukiwa tumefungwa mpira miguuni ili kuamsha misuli ya nyonga, ambayo kumbe ndiyo huzuia goti lisielekee ndani. Nyumbani nilitumia kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na kilifanya kazi sawasawa na ule wa kituoni.

Kitu kilichonisaidia kuliko mazoezi yote ni kanuni ya maumivu. Kwa miaka minne niliamini kwamba kila maumivu ni dalili ya goti kusagika, hivyo nilipunguza kutembea, na kadiri nilivyopunguza ndivyo paja lilivyosinyaa na goti lilivyouma zaidi. Nilifundishwa kuyapa maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakiwa chini ya 2, niendelee bila wasiwasi. Yakifika hadi 5 wakati wa zoezi, yanavumilika, ilimradi kesho yake wakati kama huo goti liwe limerudi katika hali yake ya kawaida. Yakizidi 5, au yakilala nami hadi kesho, basi nisiache zoezi bali nipunguze: kiti kirefu zaidi, marudio machache, ngazi fupi. Wiki ya pili goti liliuma kuliko kabla sijaanza, na nakiri nilitaka kuacha. Kanuni hiyo ndiyo iliyonibakiza, kwa sababu nilikuwa na namna ya kupima badala ya kuogopa.

Kuhusu uzito, nilizungumziwa kwa heshima, jambo ambalo si kila mahali mwanamke mnene wa umri wangu hulipata. Nilikuwa na kilo 84. Nilielezwa kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua, na mimi, mwalimu wa hesabu, nilizidisha papo hapo: kilo 6 ni 24, mara hatua elfu kadhaa kwa siku. Sikujinyima chakula. Niliondoa sukari kwenye chai, nikapunguza ndizi za kukaanga, nikaongeza maharage na mboga za majani. Leo nina kilo 78, na ilinichukua miezi minane kufika hapo.

Huduma ilikuwa na kasoro, na ninaziandika kwa sababu zinawagusa moja kwa moja watu wenye magoti kama yetu. Chumba cha mazoezi kiko ghorofa ya kwanza, ngazi ni 19, na hakuna kishikizo upande wa kushoto; siku ya kwanza nilipanda nikiwa nimeuegemea ukuta, na bibi mmoja aliyekuwa na mkongojo alikaa chini akisubiri mtu amshike mkono. Karatasi ya michoro ya mazoezi ya nyumbani ilikuwa imerudufiwa mara nyingi hadi picha zimefifia, ikabidi nichore upya kwenye daftari langu. Wiki ya nne mtaalamu alibadilishwa bila taarifa, na yule mpya alitaka kunianza upya kana kwamba sijafanya lolote, mpaka nilipomwonyesha daftari. Nimeyaeleza haya kwa uongozi wa kituo ana kwa ana. Kishikizo kimeshawekwa, karatasi bado ni zile zile.

Kuna jambo dogo ambalo ninatamani ningeambiwa miaka iliyopita. Nilikuwa na fimbo, na nilikuwa nikiishika mkono wa kulia, upande wa goti bovu, jinsi ninavyoona wazee wengi wakifanya hapa kwetu. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima. Mguu mgonjwa na fimbo hutangulia pamoja, na mzigo hugawanyika. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mikono imening'inia. Nilibadilisha mkono siku hiyo hiyo nikitoka kituoni, na hadi nafika stendi nilikuwa nimeshaisikia tofauti.

Kipindi cha mwisho nilisimama na kuketi mara 12 ndani ya nusu dakika. Maumivu ya kushuka, ambayo nilikuwa nimeyapa alama 7, yalikuwa 3. Sasa ni mwaka na miezi miwili tangu hapo, na ninaendelea na mazoezi yale yale nyumbani mara tatu kwa wiki, asubuhi baada ya goti kulainika, kwa dakika 30 hivi. Nilipoacha kwa wiki tatu wakati wa msiba wa kaka yangu, goti lilianza kukaza tena; niliporudia, lilitulia ndani ya siku kumi.

Shambani nimebadilisha mengi. Jembe langu nimelitia mpini mrefu ili nisipinde goti sana. Ninapalilia mistari minne kisha ninapumzika nikiwa nimesimama, kwa sababu kuketi kwenye kigoda kifupi na kuinuka mara kwa mara ni kibaya kuliko kusimama. Gunia la lumbesa siligusi tena. Vijana hubeba, nami hulipa. Ninashuka kwa kupita mshazari badala ya kukata moja kwa moja, ni mbali zaidi lakini goti hunishukuru usiku. Chooni fundi alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kwa shilingi 18,000, na ninamshauri kila mzee mwenye choo cha kuchuchumaa asingoje mpaka aanguke.

Kwa mwenye kufikiria kulipia mpango kama huu, ningesema aanze kwa kupimwa na daktari, hasa ikiwa goti limevimba ghafla na lina moto, au linakwama kabisa, au limeuma baada ya kuanguka, kwa maana hayo ni mambo mengine. Aulize kama vipindi ni vya mazoezi au vya kulazwa kitandani na kukandwa tu, kwa kuwa nimezungumza na wawili waliolipa karibu kiasi kile kile mahali pengine wakakandwa kwa wiki nne na kurudi nyumbani bila zoezi hata moja mkononi. Aulize pia chumba kiko ghorofa ya ngapi.

Kupiga magoti kanisani bado sijaweza. Mtaalamu aliniambia kwamba kugusa sakafu kwa goti hakuliharibu, ila ninahitaji mto mnene na kitu imara cha kushika, nami nimeanza kujaribu nyumbani kando ya kitanda. Jumapili iliyopita nilihesabu hadi ishirini.