Koki ya bomba: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujaenda dukani, fungua koki yako inayodondoka, kama ni ya kuzungusha, uone ndani. Funga maji kwenye geti valvu (ile ya kukata maji ya nyumba), shika spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), zungusha kichwa chake mpaka kitoke. Ndani utakuta kidude cha mpira mweusi, ukubwa wa kifungo cha koti. Hiyo ndiyo washa. Igeuze uitazame upande wa chini. Ikiwa imechimbika duara, ugonjwa ni huo tu, na washa mpya ni ya bei ndogo.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona koki nzima nyingi zikitupwa, na nyingine zikiachwa zidondoke miezi. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukihesabu matone 20 kwa mililita moja, unapoteza zaidi ya lita 4 kila siku, na mwezi ukiisha ni ndoo sita na nusu za lita 20. Kwa nyumba inayonunua maji kwa madumu, hiyo ni fedha inayoingia karoni.

Sasa, kama washa ni nzima lakini pale inapokalia pameliwa, au mwili wa koki umepata ufa, nunua mpya. Hapa nazungumzia koki ya nusu inchi, ile ya karo la jikoni au ya uani.

Namba moja kwangu ni koki ya shaba ya kuzungusha, yenye washa ya mpira. Haina urembo, na utaizungusha mara kadhaa mpaka ifunge. Lakini inafunguka. Ikianza kudondoka baada ya miaka, unabadilisha washa mwenyewe kwa dakika kumi na maisha yanaendelea. Mchanga mdogo kutoka kwenye bomba hauisumbui sana, kwa sababu mpira ni laini.

Tatizo ni kuipata ya kweli. Rangi ya kung'aa ya juu huficha kila kitu, na pale Kariakoo utawekewa mbele koki tano zinazofanana kama mapacha. Zipime mkononi, mbili mbili: ya shaba ni nzito. Kisha chungulia ndani, kwenye hesi (mifereji ya kukazia) na kwenye tundu la maji, mahali ambako rangi ya juu haikufika vizuri. Shaba ya koki ni ya njano. Ukiona kijivu, hiyo ni zinki iliyopakwa. Usidanganyike na mtu anayeijaribu kwa sumaku: sumaku haishiki shaba, na zinki pia haiishiki. Itakuonyesha chuma tu.

Namba mbili, kwa uani, ni ile ya mkono wa kulaza, yenye gololi ndani. Robo mzunguko na maji yamekatika, hata ukiwa na ndoo mkono wa pili. Angalia tu mkono wake, kwa sababu ukiwa wa chuma cha kawaida hewa ya pwani itaula kwa kutu. Ifunge taratibu, maana ukiikata ghafla mabomba hugonga ukutani.

Namba tatu ni ya shaba yenye vigae viwili vya seramiki vinavyoteleza ndani. Ni nyepesi kufunga, na maji yakiwa safi hudumu sana. Kwa maji yenye mchanga siipendekezi: punje moja ikikwaruza vigae, hakuna washa ya kubadilisha, unatafuta moyo mzima wa koki, na si kila duka linao. Soma pia boksi lake. Nyingine zinataka presha ya baa 0.5 au 1, na tangi lililo mita 3 juu ya koki linatoa kama baa 0.3 tu. Utaona maji yakitiririka kwa unyonge na kulaumu tangi bure.

Plastiki naiweka ya nne, isipokuwa kwa mwenye kisima cha maji ya chumvi. Huyo aipandishe iwe ya kwanza. Chumvi huila zinki iliyochanganywa kwenye shaba, ile njano ikageuka kuwa na wekundu na koki ikawa dhaifu kama sifongo. Plastiki haina cha kuliwa. Adui yake ni jua, hivyo iweke kivulini.

Ya mwisho ni ya zinki, hata ikiwa nzuri kuliko zote kwenye rafu. Shingo yake hukatika, na kipande chenye hesi hubaki ndani ya ukuta.

Wakati wa kufunga, zungushia hesi tepu nyeupe ya mabomba kwa kufuata mwelekeo utakaokazia koki, raundi nane hadi kumi, ukiivuta ikae ndani ya mifereji. Anza kwa mkono, malizia kwa spana kidogo. Ya plastiki iachie mkono peke yake. Mimi niliwahi kukaza kwa nguvu mpaka elbo, kiungo cha kona cha bomba, ikapasuka ndani ya ukuta, tukavunja marumaru tatu kuifikia. Ukishafungua maji, futa maungio yakauke, funika kwa kipande cha karatasi ya chooni, kalale. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, umefunga sawasawa. Ikiwa imelowa, fungua, toa tepu yote, anza upya na mpya.